Walezi wa Shule ya Muziki ya Mji Mdogo: Wajibu wa Mapadre, Walimu, Wazazi na Kamati



Waamini wengi wa Njombe na Makambako wanaifahamu hali hii. Kwaya ya parokia imeimba vizuri kwa miaka mitano au sita, imealikwa kwenye upadrisho na kwenye jubilei za watawa, kisha mwalimu wake anahamishwa kikazi. Baada ya miezi michache sauti ya tatu imepotea, kinanda kimefunikwa kitambaa, na watoto waliokuwa wameanza kusoma nota wameacha kuja. Mwalimu hana kosa, kwani alitumika kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba elimu ya muziki ya parokia nzima ilikaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, naye alipoondoka aliondoka nayo.

Makala haya yanahusu njia mojawapo ya kuiponya hali hiyo, yaani shule ndogo ya muziki inayosimamiwa na jumuiya ya waamini, na hasa watu wanaoiongoza. Tunakusudia kueleza walezi hao ni akina nani, Kanisa linawadai nini, historia imetufundisha nini juu yao, na ni mambo gani parokia iyapange kabla ya kununua hata kinanda kimoja.

Shule na kwaya hutofautianaje

Kwaya na shule ya muziki ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja ana kazi yake. Kwaya hujiandaa kwa ajili ya adhimisho lililo karibu: Dominika ijayo, Juma Kuu, Noeli. Mazoezi yake hupimwa kwa nyimbo zilizokuwa tayari. Shule ya muziki humwandaa mtu. Humfundisha mtoto wa miaka kumi kusikia tofauti ya sauti, kuhesabu mapigo na kusoma nota, ili miaka kumi baadaye aweze kupokea wimbo asioujua, akauelewa mwenyewe, na kuwafundisha wengine. Kwaya isiyo na shule nyuma yake huishi kwa kukariri. Nayo shule isiyo na kwaya mbele yake hukosa mahali pa kuutolea utumishi wake.

Tunatumia neno “walezi” kwa makusudi. Shule ya namna hii huwa na mwenyekiti, mkuu wa shule na mweka hazina, lakini kazi ya wote hao ni malezi. Wamekabidhiwa watoto wa watu, sadaka za watu na sala ya watu.

Njombe na Makambako

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Mji wa njia panda hupokea watu wengi na kuwaaga wengi: wafanyabiashara, madereva, watumishi wa serikali, walimu. Kwa hiyo mwanakwaya mzuri wa mwaka huu huenda mwakani akawa Tunduma au Morogoro. Mji wa namna hii hauwezi kumtegemea mwalimu mmoja, hata awe hodari kiasi gani.

Njombe iko kusini yake, mwendo wa kilometa zipatazo 60, nyanda za juu zenye baridi, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000. Ni makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, na ni makao ya Jimbo Katoliki la Njombe lililoundwa mwaka 1968. Wakazi wake ni Wabena, Wakinga, Wapangwa, Wawanji, Wamanda, Wahehe na wengine waliofuata kazi za chai, viazi, mbao na maparachichi. Kila kabila limekuja na nyimbo zake. Hazina hiyo iko mlangoni petu, na shule ya muziki ya mji wetu isiyoifahamu itakuwa imeanza kwa kujinyima.

Walezi wa muziki katika Maandiko Matakatifu

Wazo la kuwa na watu maalumu wa kulea waimbaji halikuanza jana. Katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 15, Daudi anapolipandisha Sanduku la Agano, tunakutana na Kenania, mkuu wa Walawi, aliyekabidhiwa kuwafundisha wenzake kuimba kwa sababu alikuwa na ujuzi huo. Maandiko yanataja sababu hiyo wazi wazi. Hakuchaguliwa kwa umri wala kwa jina la ukoo peke yake.

Sura ya 25 ya kitabu hicho inaeleza mpango mzima: wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni, waliofunzwa kumwimbia Bwana, jumla yao 288, wakagawanywa katika zamu 24 za watu 12. Kura zilipigwa kwa wote, mdogo kwa mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Hapo tunajifunza mambo matatu ambayo kila kamati ya shule ya muziki inapaswa kuyatafakari. Huduma ya uimbaji ilikuwa na walimu waliotambuliwa. Ilikuwa na zamu, hivyo haikumlemea mtu mmoja. Na mwanafunzi alisimama pamoja na mwalimu wake katika utumishi, akaonwa kuwa mrithi wake.

Somo la Guido wa Arezzo

Katika historia ya Kanisa hakuna mlezi wa muziki anayetufaa zaidi kwa swali letu kuliko Guido wa Arezzo, mmonaki Mbenediktini wa Italia aliyezaliwa karibu na mwaka 991. Alikuwa wa familia ile ile ya kiroho ya Mtakatifu Benedikto ambayo baadaye ililihubiri Injili sehemu nyingi za kusini mwa Tanzania kutokea Peramiho. Wakati wa Guido waimbaji walijifunza kila wimbo kwa kumsikiliza mwalimu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walitumia miaka kumi na bado hawakuijua kazi yao vema, ilhali kwa njia yake mwimbaji angeweza kukamilika katika mwaka mmoja, au miwili kwa kuzidi.

Njia hiyo ilikuwa kuziandika sauti juu ya mistari, na kuzipa majina yaliyotokana na silabi za mwanzo za mafungu ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Kutoka hapo ndipo tulipopata do, re, mi tunazozitumia hadi leo. Katika karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover na baada yake John Curwen waliziendeleza zikawa mfumo wa tonic sol-fa, ambao wamisionari waliueneza Afrika na ambao kwaya zetu nyingi bado zinausoma.

Lakini kisa cha Guido kina upande mwingine. Katika monasteri ya Pomposa njia yake ilizua kijicho, naye akahamia Arezzo. Huko Askofu Tedaldo alimpokea na kumkabidhi mafunzo ya waimbaji wa kanisa kuu. Baadaye hata Papa Yohane XIX alimwita Roma aione njia yake. Kipaji kile kile kilichokosa nafasi mahali pamoja kilizaa matunda mahali pengine, kwa sababu huko palikuwa na mchungaji aliyekitambua na kukilinda. Hilo ndilo fungu la kwanza la mlezi asiye mwanamuziki. Paroko hahitaji kujua kupiga kinanda. Anahitaji kumwona Guido aliye parokiani kwake kabla hajachoka na kuondoka.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Mtakatifu Pius X, katika hati yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alisisitiza kuwa muziki wa liturujia uwe mtakatifu, uwe na uzuri wa kweli wa kisanaa, na uwe wa Kanisa zima, huku kila taifa likiruhusiwa kuwa na sura yake. Aliagiza pia shule za waimbaji zirudishwe, hata kwenye makanisa madogo na ya vijijini.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Katiba ya Liturujia Takatifu, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, unatumia sura nzima ya sita kwa ajili ya muziki. Namba 114 inataka kwaya ziendelezwe kwa bidii, lakini hapo hapo inawakumbusha maaskofu na wachungaji wengine kuhakikisha kwamba taifa zima la waamini linashiriki kuimba. Namba 115 inaagiza mafundisho ya muziki yapewe uzito katika seminari, nyumba za watawa na shule za Kikatoliki, na kwamba walimu wenyewe waandaliwe kwa uangalifu. Inaongeza kuwa watunzi na waimbaji, hasa watoto, wapewe malezi ya kweli ya kiliturujia. Namba 119 inatuhusu kwa namna ya pekee: inatambua kwamba mataifa ya nchi za misioni yana muziki wao wenyewe ulio sehemu kubwa ya maisha yao ya dini na ya jamii, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayoustahili.

Maelekezo ya Musicam Sacram, ya tarehe 5 Machi 1967, yanashuka hadi kwenye vigango vyetu. Namba 21 inasema kwamba pasipowezekana kuwa hata na kwaya ndogo, pawepo angalau mwimbaji mmoja au wawili waliofunzwa ipasavyo, wa kuwaongoza na kuwategemeza waamini. Namba 24 inaongeza kuwa wanakwaya, pamoja na mafunzo ya muziki, wapewe malezi ya liturujia na ya kiroho yanayofaa. Kwa maneno mengine, shule ya muziki ya parokia haitimizi wajibu wake kwa kumfanya kijana awe fundi wa kinanda tu. Anapaswa kujua kwa nini Utukufu hauimbwi wakati wa Kwaresima, na kwa nini zaburi ya katikati ni sehemu ya Liturujia ya Neno.

Mifano ya Afrika Mashariki

Nchi zetu zimekwisha kuwa na walezi wa muziki wa kuigwa. Mwaka huo huo wa 1963 ambao Mtaguso ulitoa Katiba ya Liturujia, Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Yeye alikuwa pia mtunzi wa Misa Baba Yetu. Katika mtu mmoja ziliungana elimu ya sheria za Kanisa, ufundi wa utunzi, na heshima kwa muziki wa wazee. Jirani zetu wa Uganda walimpata Joseph Kyagambiddwa, mtunzi wa oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Wote wawili walionyesha kwamba Mwafrika anaweza kumwimbia Mungu kwa lugha na mapigo yake bila kulipunguzia adhimisho utakatifu wake.

Ndugu zetu Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Kusini ina makao yake Njombe, wametangulia katika jambo la shule. Ruhija, katika Mkoa wa Kagera, imewafunza walimu wa kwaya, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, hufundisha muziki hadi ngazi ya shahada. Serikali nayo ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kijana wa Makambako mwenye kipaji anayo basi njia ya kuendelea, mradi pawepo mtu wa kumpa msingi akiwa bado nyumbani.

Mfano unaotufundisha kwa uchungu ni ule wa Zanzibar. Chuo cha muziki kijulikanacho kama Dhow Countries Music Academy kilifungua milango yake mwaka 2002, kikafundisha taarab, ngoma na vyombo vya mwambao kwa vijana ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kulipa ada kamili. Kilisifiwa ndani na nje ya nchi. Hata hivyo mwaka 2019 kilijikuta katika hatari ya kufungwa baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Ubora wa walimu na sifa za wanafunzi havikutosha kukilinda. Kama chuo chenye jina kubwa namna hiyo kiliyumba, parokia ya mji mdogo isijidanganye kwamba msaada wa mfadhili mmoja utadumu. Tegemeo la kwanza liwe wenyeji wenyewe, hata kama wanatoa kidogo kidogo.

Walezi ni akina nani

Kutokana na hayo yote, tunapendekeza sura ya uongozi inayofaa miji kama Njombe na Makambako. Parokia itaipima kwa hali yake.

Paroko ndiye mchungaji wa shule na msimamizi wa mwelekeo wake. Kwa kanuni ya 532 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, ndiye anayeiwakilisha parokia katika mambo yote ya kisheria. Kwa kuwa mapadre nao huhamishwa, ni vema shule iwe na katiba fupi iliyoandikwa na kupelekwa jimboni, ili paroko mpya akute utaratibu na asilazimike kuanza upya.

Kamati ya shule iwe na watu 7 hadi 9: mwenyekiti mlei, katibu, mweka hazina, wawakilishi wa wazazi, mjumbe kutoka Halmashauri ya Walei, mtawa au katekista, na mkuu wa shule. Wachache kati yao wawe wanamuziki, wengi wasiwe. Mhasibu, fundi seremala, mwalimu wa shule ya msingi na mama anayeaminika sokoni watailinda shule katika mambo ambayo mwanamuziki huyasahau. Vipindi vya uongozi viwe na kikomo, na wajumbe wasibadilike wote kwa mara moja.

Mkuu wa shule ndiye mwenye dhamana ya mafundisho. Sifa zake ni ujuzi wa muziki, maisha ya Kikristo yanayoonekana, na uwezo wa kufundisha walimu. Sifa hii ya tatu ndiyo hupuuzwa. Wako wapiga kinanda hodari wanaoshindwa kumwachia mwanafunzi nafasi hata ya wimbo wa kutoka. Tangu mwaka wa kwanza mkuu wa shule apewe wasaidizi wawili, na kila mwaka kamati imwulize: nani ataweza kushika nafasi yako ukiondoka kesho?

Wazazi ni walezi wa kwanza, kama Kanisa linavyofundisha daima. Wanajua ni siku gani mtoto yuko shambani kupanda viazi, na ni muhula gani ana mitihani. Ratiba iliyopangwa bila wao huvunjika mvua za kwanza zinapoanza.

Ulinzi wa watoto

Jambo hili tunalitenga kwa sababu ya uzito wake. Mafunzo ya muziki huwaweka watoto karibu na watu wazima, mara nyingi jioni, mara nyingine mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto mwenye haki ya kulindwa. Papa Fransisko naye, kwa hati yake Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, aliweka taratibu za kutoa na kushughulikia taarifa za unyanyasaji ndani ya Kanisa.

Shule ya parokia iwe na kanuni chache zinazofahamika kwa wote. Somo la mtu mmoja lifanyike penye mlango wazi, au mbele ya mtu mzima mwingine. Mazoezi ya watoto yaishe kabla ya giza. Safari ya kwenda parokia nyingine iwe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na wawepo walezi wa kike na wa kiume. Mwalimu asiwasiliane faraghani kwa simu na mtoto. Kamati imteue mtu mmoja, asiye mwalimu, ambaye mtoto au mzazi yeyote atamwendea akiwa na hofu, na mtu huyo ajue wapi pa kupeleka taarifa, serikalini na jimboni. Aibu ya parokia isitangulizwe kamwe mbele ya usalama wa mtoto.

Fedha na vyombo

Sheria ya Kanisa iko wazi kuliko tunavyodhani. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1267 inasema matoleo yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu. Fedha ya kinanda haiwezi kugeuzwa kuwa saruji, hata kama saruji inahitajika kweli. Kanuni ya 1284 inadai vitabu vya mapato na matumizi vitunzwe vizuri na taarifa itolewe kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Taarifa fupi ikisomwa baada ya Misa mara mbili kwa mwaka, huzima minong’ono mingi. Michango isipitie namba ya simu ya mtu binafsi. Iende kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila atoaye apewe stakabadhi.

Kuhusu mwalimu, kuna desturi ya kumlipa kwa neno “Mungu atakulipa”. Mungu hulipa kweli, lakini kanuni za 231 na 1286 zinaliweka jukumu la ujira wa haki mikononi mwetu pia. Mwalimu anayefundisha siku tatu kwa juma ana familia. Kama parokia haina uwezo wa mshahara, iseme ukweli, ikubaliane naye posho ya nauli na muda maalumu, na iandike makubaliano hayo. Ada ya wanafunzi iwe ndogo, na mzazi asiye na fedha aruhusiwe kutoa viazi, mahindi au siku za kazi. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umaskini.

Ununuzi wa vyombo uje baada ya watu. Kwa mwaka wa kwanza sauti za watoto, ubao wenye mistari mitano, ngoma na kinanda kimoja vinatosha. Hali ya hewa ya nyanda za juu ina masharti yake: unyevu hulegeza ngozi za ngoma na kuathiri mbao za gitaa, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huharibu vinanda. Kabati kavu lenye kufuli na kifaa cha kukinga umeme ni manunuzi ya lazima. Maseremala wa Njombe, ambao mbao ni riziki yao, wanaweza kutengeneza kabati, vibao vya kuwekea nota na hata magogo ya ngoma kwa gharama nafuu. Wazee wanaojua ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, au ngoma za Ludewa na Makete waalikwe kufundisha wakiwa bado hai.

Mambo yanayozua ugomvi

Tunataja matatu. La kwanza ni nyimbo za watunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za watunzi wetu. Wimbo usibadilishwe maneno, wala jina la mtunzi lisifutwe kwenye nakala, na anayetaka kurekodi kwa ajili ya kuuza aombe ruhusa. Shule ikiwazoeza watoto kuandika jina la mtunzi juu ya kila nakala, tayari imewafundisha amri ya saba.

La pili ni maonyesho. Sherehe za harusi na video huleta kipato, nazo si dhambi. Lakini shule ikizoea kuimba kwa anayelipa, Misa ya asubuhi katika kigango cha mbali itakosa mwimbaji. Katiba ya shule itamke kwamba liturujia hutangulia, na kwamba kipato cha mialiko huingia kwenye hesabu ya shule.

La tatu ni wanafunzi wasio Wakatoliki. Katika mji kama Makambako watakuja Walutheri na Waislamu wanaotaka kujifunza gitaa au kinanda. Tunaona ni vema kuwapokea katika masomo ya muziki kwa adabu na uwazi, bila kumlazimisha mtu katika jambo la imani, huku malezi ya liturujia yakibaki kwa wale wanaoandaliwa kuhudumu katika adhimisho.

Namna ya kuipima kazi ya walezi

Baada ya miaka mitano, waamini wajiulize maswali machache. Je, kuna angalau watu wawili wanaoweza kufundisha nota pasipo mkuu wa shule? Je, vigango vimepata waongoza nyimbo? Je, waamini walio kwenye mabenchi wanaimba zaidi kuliko zamani, au wamegeuka watazamaji? Je, hesabu zimesomwa mbele ya watu? Je, wazazi wanawaleta watoto wao bila wasiwasi? Majibu hayo yatasema zaidi kuliko vikombe vya mashindano.

Tarehe 22 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Siku hiyo kwaya zetu hufanya sherehe na kulishana keki. Tunawaomba waamini wa Njombe na Makambako, mwaka huu, wafanye jambo moja zaidi: kila parokia imtaje mtoto mmoja mwenye kipaji na mtu mzima mmoja aliye tayari kumlea, na kuwaombea wote wawili mbele ya altare. Shule inaweza kuanza na hao wawili, hata kabla ya kupata jengo, ikiwa jumuiya nzima itakubali kuwa nyuma yao.

Mungu awabariki walimu wetu wa kwaya, walio hai na waliotangulia mbele ya haki wakiwa na tumaini la ufufuko. Amina.